Taa za Mmoja Wetu Zikizimika

Kitabu kile nilikisoma kwa kula karanga. Karibu na mlango wa soko la Rumonge, upande wanakosimama wauza mawese, kulikuwa na mama aliyefunga karanga zake kwa karatasi za vitabu vya zamani. Siku zile kitabu kilichokuwa mapajani pake kilikuwa cha istwari, yaani historia, cha Kifaransa, kinene, hakina jalada. Alichana ukurasa, akauzungusha kidoleni ukawa kama pembe, akamimina karanga, akakunja juu. Nilikula za kwanza nikiwa nimesimama. Zilipokwisha nikafungua karatasi nilambe chumvi, nikakuta picha ya meli ndogo ya vita imetia nanga peke yake mbele ya mji wa Agadiri, kule Moroko.

Maandishi yalieleza kwamba meli ile ilitumwa na Wajerumani kuwaonyesha Wafaransa kuwa Moroko si yao peke yao. Kwa muda wakubwa wa Ulaya hawakupata usingizi. Mwishoni Wajerumani waliiacha Moroko, wakapewa kipande cha Kongo. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Ilikuwa ile Kongo nyingine, ya Wafaransa, si hii ninayoiona kila asubuhi ng'ambo ya ziwa, lakini hata hivyo. Mtu alikasirikia nchi moja, akatulizwa kwa nchi nyingine, na huko Kongo hakuna aliyeulizwa.

Kesho yake nilirudi.

"Mama, nipe ukurasa unaofuata."

"Unaofuata gani? Wewe unanunua karanga ama unanunua masomo?"

"Vyote."

"Mimi ninachana toka nyuma. Iko rahisi, uzi wa nyuma umeoza. Ule unaofuata watu wameshaula."

Kumbe mwisho wa kitabu ulikuwa umeshatembea Rumonge nzima umejaa karanga, na mimi kila siku ningezidi kurudi nyuma. Vita vyenyewe, vile vikuu vya kwanza vya Wazungu, sikuvipata. Nilivijua kwa njia nyingine: babu wa mama yangu alitoka upande wa Kongo kichwani ana sanduku la risasi la Wabelgiji waliokuwa wakimfukuza Mjerumani, akabaki huku kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Nyumbani kwetu vita vya Wazungu vilikuwa ni hivyo tu, sanduku na mtu chini yake. Nilichotaka kujua ni kilichotangulia. Watu wazima, waliosoma, wenye saa mfukoni, walifikaje pale?

Shule niliiacha mwaka wa saba. Kusoma sikuacha. Nimesoma magunia ya saruji, maboksi ya dawa, barua za watu wengine wasiojua kusoma. Mahali pamoja sikai. Nimepakia mizigo juu ya mabasi madogo ya Muhuta, nimeanika ndagala, dagaa wetu, kule Gitaza, nimechemsha mawese, nimevuka kwenda Uvira nikarudi na viatu vya rangi mbili. Rumonge nilikuja kumsalimia dada yangu kwa siku tatu, na siku tatu zile zilikuwa zimeshakuwa miezi minne.

Dada huanika na kuuza ndagala. Mume wake, shemeji yangu, ana kipe moja. Kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu umening'inia katikati, na taa zimetundikwa juu ya maji. Ndagala hufuata mwanga. Wakishajaa chini ya taa, wavu unainuliwa. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa hakuna kazi. Mwanga umetapakaa ziwa lote na samaki hawana haja ya taa ya mtu. Siku hizo, ambazo sisi tunaziita siku za mwezi, mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, watu wanaoa, watu wanagombana.

Sheria ya zamani ilikuwa nyepesi. Aliyewasha kwanza mahali, ni pake mpaka asubuhi. Mwingine akae mbali, kwa sababu taa kali huiba samaki wa taa dhaifu. Zamani taa zote zilikuwa za mafuta, zinalingana, na hakuna aliyeweza kumwibia mwenzake sana. Kisha zikaja jenereta na balbu. Ziwa nalo lilipanda, likala nyumba za mbele na nusu ya ufuo, na kambi mbili zilizokuwa zimetengana zikajikuta zinafungia mitumbwi karibu bega kwa bega. Kambi ya kaskazini ilikuwa na tajiri wa mbao. Ya kusini ilikuwa na tajiri wa mawese. Wa mbao alipotundika balbu nane kwa kila kipe, wa mawese akatundika kumi na mbili. Majuma mawili baadaye wa mbao alileta jenereta mpya. Jioni ufuo ulikuwa unanguruma kama kiwanda, na shemeji yangu, katikati yao, na balbu zake nne, alikuwa anarudi na ndagala wa kujaza sufuria.

Mimi nilikuwa nimefika kwenye kurasa za meli. Waingereza walijenga meli kubwa, Wajerumani wakajenga, Waingereza wakasema basi tutajenga mbili kwa kila moja yenu. Nilimsomea shemeji, huku anashona wavu.

"Badagi na Bangereza," alisema, maana yake Wajerumani na Waingereza, uzi ukiwa mdomoni, "hao nao walikuwa wanavua ndagala?"

"Walikuwa wanavua nchi."

"Basi muramu, waambie balbu zikiwa nyingi samaki haziongezeki. Zinahama tu."

Alipenda kuniita muramu, shemeji kwa Kirundi, hasa akiwa ananicheka.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa nyavu mbili zilizonasana. Walikaa chini ya kibanda cha ufuoni, matajiri wote wawili, wakala mishikaki, wakashikana mikono, amahoro, murakoze, amani na asante, wakaenda. Ugomvi wa pili, kamba ya nanga ya mtu wa kusini ilikutwa imekatwa kwa kisu. Wakakaa tena. Mara hiyo walichora mstari kwa mkaa juu ya meza, kutoka mlingoti wa simu hadi katikati ya ziwa. Huku wako hawa, kule wale. Nilisimama nyuma nikitazama mkaa ule. Hakuna mtumbwi mdogo hata mmoja ulioulizwa mstari upite wapi, na shemeji alivua pande zote mbili tangu ujana wake. Watu walitoka wanacheka. Mimi nilikuwa na ukurasa mfukoni uliosema kwamba baada ya kila mkutano Ulaya ilishukuru Mungu, kisha kila mmoja alirudi kwake kuongeza askari.

Ukurasa mmoja ulitutaja sisi. Mistari michache: kwamba Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walibishana miaka juu ya mpaka wa Ruzizi na Kivu, kila mmoja akipeleka kikosi kidogo kukaa kileleni kumtazama mwenzake, mpaka wakakubaliana kwa barua huko kwao. Niliwaza wale askari weusi vileleni, baridi, wakitazamana na ndugu zao ng'ambo ya bonde kwa jambo lililokuwa linaamuliwa mezani kwa lugha wasiyoijua. Kisha nikala karanga zangu.

Halafu niliupata ukurasa ulioniponza. Ulieleza jinsi Wafaransa na Warusi, ambao hawakupendana, walivyofunga mkataba: mmoja akiguswa na Mjerumani, mwingine atakuja na nguvu zake zote. Niliuona ni jambo la akili sana. Mnyonge anajiegemeza, mkali anafikiri mara mbili. Niliubandika ukutani juu ya mkeka wangu.

Siku za mwezi zilizofuata, tajiri wa mbao alikuja uani kwa dada na wenye kipe kumi na moja ndogondogo, shemeji akiwa wa kumi na mbili. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kofia nyeupe. Alikataa kiti, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ili tumwone ni mwenzetu.

"Wale wa kusini wanataka kutumaliza mumoja mumoja," alisema. "Leo kamba, kesho mutu. Tuwe na karatasi. Mutu akiguswa, wote tumeguswa."

"Patro, mimi niko na kipe moja," shemeji alimjibu tajiri. "Ninavua, ninarudi kwa muke wangu. Karatasi ya nini?"

"Ndiyo maana. Wewe wa kipe moja ndiyo watakuanza."

Watu wakatazama chini. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasema: "Iko namna ya kuandika. Wazungu waliandika hivyo zamani."

Wakageuka wote. Siwezi kusema uongo: ilikuwa tamu. Tangu nitoke shuleni hakuna mkutano ulionigeukia. Nikaeleza mambo ya Wafaransa na Warusi, nikaulizwa maswali, nikajibu. Tajiri akaagiza karatasi ya mistari na kalamu.

Ilibidi tupate ishara, kwa sababu usiku majini simu hazishiki vizuri na kelele za jenereta zinameza sauti. Sisi tulikuwa nayo tayari. Mtu anayevamiwa, kitu cha kwanza anachofanyiwa ni kuzimiwa taa. Bila taa huwezi kuvua wala kuonekana. Kwa hiyo niliandika, kwa Kifaransa juu na Kiswahili chini, maandishi yangu mazuri kabisa: taa za mmoja wetu zikizimika kabla ya alfajiri, kipe zote za karatasi hii zitaacha kazi na kwenda alipo. Atakayebaki nyuma hatawasha tena upande wetu.

Dada alikuwa anachambua ndagala kwenye ungo, mgongo umetugeukia. Alisema bila kugeuka:

"Na zikizimika zenyewe?"

"Zenyewe vipi?"

"Zenyewe. Vitu vinaharibika."

"Dada, haya ni mambo ya diplomasi."

Watu walicheka. Tajiri alicheka zaidi. Dada akapeperusha ungo wake, magamba yakaruka. Shemeji alikaa muda mrefu na wino kidoleni, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeshika kamba yake juu ya mwamba, kisha akabonyeza.

Wakati ule petroli ilikuwa haipatikani. Vituo vilikaa vikavu majuma mazima, na esansi, ndivyo tunavyoita petroli, ya kwenye madumu ilikuja kwa njia zake, ikiuzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara. Nyingine ilikuwa na maji ndani kweli. Kila mtu alijua hilo. Nililijua na mimi, siku ile nilipoandika karatasi.

Giza lilirudi, kipe zikaingia ziwani. Asubuhi ya tano nilikwenda ufuoni na dada kupokea. Wanawake walikuwa wamejipanga na mabeseni yao kama siku zote, wanataniana. Jua likatoka juu ya milima. Kwa kawaida saa hiyo mtumbwi wa kwanza umeshagusa mchanga. Utani ukapungua. Mwanamke mmoja akaweka beseni lake chini, mwingine naye akaweka, mpaka mabeseni yote yakawa mchangani na wanawake wamesimama mikono mitupu.

"Iko hasara gani leo?" aliuliza mmoja.

Dada alinishika kiwiko, akakibana. Mkono wake ulinuka samaki na ulikuwa baridi.

Walikuja wote pamoja, kambi zote mbili, polepole, bila samaki. Miti mingine ya kufungia mitumbwi ilikuwa imevunjika. Wengine walikuwa na vitambaa vichwani. Shemeji alishuka akiwa ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake, na mfupa ulikuwa umekaa vibaya chini ya ngozi.

Mambo yenyewe nilielezwa na mwanamume mmoja wa kwetu, mwenye jenereta ya zamani. Alikuwa amekaa mchangani analia, watu wazima wakimpita.

"Ilikuwa esansi," alisema. "Esansi tu. Ilikohoa, ikazima. Nikawa nainama kufungua karburata. Kuinua kichwa, naona wenzetu wote wanakuja. Nikapiga kelele, esansi! esansi! Nani atasikia na moteri zote zile?"

Kipe kumi na moja zilizobaki ziliacha kazi zikaenda mbio kwake. Karibu naye, upande wa pili wa mstari wa mkaa, kulikuwa na kipe za kusini. Waliona kumi na moja zinawajia. Wakadhani ni wao wanaojiwa. Nao wakaitana. Shemeji aliumizwa kwa kasia na kijana ambaye dada alipika chakula kwenye arusi ya mama yake.

Hakufa mtu. Hilo lilirudiwa ufuoni siku nzima, hakufa mtu, kwa sauti ya kushukuru, na mimi kila niliposikia niliogopa zaidi, kwa sababu nilikuwa nimesoma maneno kama hayo, kwenye karatasi yenye chumvi, zaidi ya mara moja.

Mganga wa mifupa alimfunga shemeji kwa vijiti na mafuta ya mawese. Dada alisubiri mpaka amemaliza, akaja uani nilipokuwa.

"Wewe ulimutia mule," alisema. "Umutoe."

Tangu utotoni akikasirika sana hupunguza maneno.

Nilisubiri siku za mwezi zifike, kwa sababu ndizo siku za kuongea. Nilimkuta tajiri wa mbao kiwandani kwake, kofia imejaa vumbi la msumeno. Nilidhani nitamkuta na aibu. Alinikumbatia.

"Mwalimu! Umeona? Imefanya kazi. Waliitwa, wakakuja wote. Hata mumoja hakubaki."

"Patro, ilikuwa jenereta mbovu."

"Ndiyo, lakini sasa wale wanajua."

"Wanajua nini?"

Akatoa simu, akanionyesha picha. Ilikuwa karatasi ya kambi ya kusini, yenye alama za vidole kumi na tano. Mwandiko wa mtu mwingine, lakini maneno yangu, neno kwa neno, Kifaransa juu, Kiswahili chini. Mtu aliipiga picha karatasi yetu akawatumia. Wao waliongeza mstari mmoja tu mwishoni: kwamba zikizimika taa za wawili, watapiga bila kuuliza.

Alionekana kufurahi, kama fundi aliyeigwa. Nilimwambia shemeji anataka kutoka. Mkono umevunjika, ana kipe moja, ana mke. Akatikisa kichwa kwa upole uleule aliokaa nao juu ya ndoo.

"Nikimutoa huyu, kesho watatoka watano. Wale wa kusini wataona tumelegea, watakuja kweli. Wewe mwenyewe ulitueleza, mwalimu. Karatasi iko na nguvu kama hakuna anayetoka." Akapangusa kofia. "Lakini kipe haitaki mukono wake. Inataka mutu wa kuitikia. Wavuaji wake wako. Ulete mutu asimame pahali pake."

Alipokuwa anasema nilijaribu kukumbuka, katika kurasa zote nilizokula, mahali palipoandikwa kwamba mtu aliyeandika mkataba alipanda meli. Sikukumbuka hata pamoja. Wao walibaki mezani. Waliopanda walikuwa wengine, na chini kabisa, chini ya sanduku, babu wa mama yangu.

Nikaomba wino.

Dada nilipomwambia hakushukuru. Aliingia ndani, nikamsikia anasogeza masufuria ambayo hayakuhitaji kusogezwa. Shemeji alicheka kidogo, kicheko cha maumivu.

"Muramu. Wewe ambaye hukai msimu."

"Ni msimu mmoja tu."

"Karatasi yako haikuandika msimu."

Kweli haikuandika. Sikuweka siku ya kuisha.

Jana nilipita sokoni. Mama wa karanga alikuwa anafungia kwenye daftari la hesabu la mtoto.

"Istwari imeisha," alisema. "Nilikuwekea ya mwisho. Ile ya mbele kabisa."

Ilikuwa picha ya chumba kikubwa Berlini, wanaume wamekaa kwenye meza, nyuma yao ramani ya Afrika imening'inia ukutani, ndefu kuliko mtu. Niliisogeza karibu na macho nitafute ziwa letu. Lilikuwepo, mfano wa mkwaruzo wa kucha. Hakuna mtu chumbani aliyekuwa analitazama. Walikuwa wametulia, wengine wameegemea viti, kama watu wanaosubiri chai.

Kesho kutwa giza linarudi. Shemeji ananifundisha, kwa mkono mmoja, namna ya kufunga balbu zisipigwe na wimbi. Nimeandika haya nyuma ya nyumba ya dada, juani, karibu na chupa ya esansi tuliyoletewa leo. Nimeichuja kwa kitambaa mara mbili. Ukiiinamisha, chini kabisa, maji bado yanaonekana. Nitaichuja tena. Hiyo ni yetu. Za wale kumi na mmoja sijaziona, na za kusini siwezi kuziulizia.